Nilipoufuata Usingizi Lushoto

Ndugu wasikilizaji, sisi Waswahili tuna maamkizi ambayo tumeyazoea mno hata hatusikii tena maana yake. Asubuhi jirani anakuuliza, "Umelalaje?" Nawe, hata kama umekesha ukihesabu mbao za dari, unajibu, "Salama." Kwa muda wa karibu mwaka mzima nilikuwa nikijibu "salama" kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa nikisema uongo.

Leo nataka kuzungumza juu ya usingizi. Najua wapo watakaosema, huyu bwana ameishiwa. Nchi ina mambo mazito, yeye anatuletea habari za kulala. Nawaomba mnivumilie. Nisingelileta jambo hili hapa kama lisingekaribia kuua mtu.

Ilikuwa alasiri, yapata saa 9, nikiendesha gari kurudi nyumbani kutoka kazini. Jua kali, foleni imekatika, redio inaimba. Sikuusikia usingizi ukija. Nilichosikia ni mshindo wa mbao zikivunjika. Nikafumbua macho nikajikuta nimetoka barabarani, gari limepanda juu ya meza ya mama mmoja anayeuza nyanya na hoho kando ya njia. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa wekundu hata nikadhani ni damu. Mama mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, amekwenda kutafuta chenji. Mtoto wake mdogo, ambaye kila siku hukaa chini ya meza ile kwa ajili ya kivuli, siku hiyo alikuwa amebaki nyumbani na homa.

Watu wakajaa. Nilitegemea matusi, na pengine makofi. Mama yule alinitazama usoni kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Baba, kwani wewe unalala?"

Nikalipa nyanya, nikalipa meza, nikasaidia kuokota vipande vya tenga. Kijana mmoja akasema kwa masikitiko, "Nyanya za Lushoto hizi, zimeingia leo alfajiri." Neno lile sikulitia maanani wakati ule. Nitalirudia.

Kusema kweli nilikuwa nimekwisha kujaribu njia nyingi. Nilikuwa nimejaribu bia, ambayo humlaza mtu upesi lakini humwamsha saa 8 usiku akiwa na kiu na majuto. Nilikuwa nimejaribu vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi, ambavyo nusu ya mji huu huvitumia bila kuwa na mafua. Mwisho nikaangukia kwenye diazepam. Dawa hii iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na ina kazi yake halali hospitalini. Lakini mimi niliipata kwa njia ya kujuana, bila cheti cha daktari, na nikaimeza kwa miezi. Wiki za kwanza nililala kama gogo. Baadaye kidonge kimoja hakikutosha, na siku nikikosa, usingizi ulikuwa unanikimbia kuliko hata kabla sijaanza. Ule ulevi wa mchana uliobaki mwilini ndio ulionipeleka juu ya meza ya nyanya. Daktari niliyemwendea baada ya ajali alinipunguzia kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Alinikanya nisiache ghafla, maana kuacha ghafla dawa za namna hii kwaweza kuleta degedege. Namrudia kwa sauti yake: usianze mwenyewe, wala usiache mwenyewe.

Basi katika wiki zile za kupunguziwa ndipo nilipomkumbuka Ba.

Zamani nilipokuwa kijana nilipanga chumba Upanga, nyuma ya nyumba ya familia moja ya Kihindi. Bibi wa nyumba ile tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Kwa Kigujarati ni kama kusema mama. Kila usiku kabla ya kulala Ba alikuwa akikaa kwenye ngazi, anachukua mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo, anajipaka kwenye nyayo na kuzisugua taratibu. Kisha anakunywa kikombe cha maziwa ya moto aliyoyakwaruzia kungumanga. Aliponiona nimerudi usiku wa manane na macho mekundu, alikuwa ananiambia kwa Kiswahili chake cha Upanga: "Wewe takula vizuri, taoga vizuri, lakini halali, basi nyumba naanguka." Mimi nilicheka. Ujana una mambo yake.

Alichokuwa akisema Ba hakikuwa cha kuchekwa, na wala hakuwa amekitunga. Katika Ayurveda, yaani elimu ya tiba ya kale ya Kihindi, maisha ya mwanadamu yameegemea juu ya nguzo 3: chakula, usingizi, na kuishi kwa kiasi. Jambo hilo limeandikwa katika kitabu chao kikongwe kiitwacho Charaka Samhita. Angalia vizuri: usingizi haukuwekwa pamoja na starehe, umewekwa pamoja na chakula. Na hata sisi wa pwani hii hatukuwa wageni wa fikra hizo. Kukandwa kwa mafuta, kugawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, kumwogesha mzazi maji ya moto, yote hayo tunayo.

Siku hizi fikra za Ba zimekuwa biashara kubwa duniani. Huko Kerala, kusini mwa India, na huko Sri Lanka, kuna nyumba za mapumziko zilizojengwa mabondeni na misituni, ambako tajiri wa Ulaya hulipa fedha nyingi ili amwagiwe mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso, apewe chakula cha mboga, anyang'anywe simu, na alazwe mapema kama mtoto mchanga. Mimi sina fedha hizo. Lakini rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Soni, alinipigia hesabu akasema, "Milima tunayo, baridi tunayo, mboga tunazo. Mafuta ya ufuta utanunua Kariakoo. Unakwenda India kufanya nini?"

Nikaomba likizo ya siku 10. Kwa kuwa sikuthubutu kushika usukani, nilipanda basi.

Mnaoijua njia ile mnaijua: Chalinze, Segera, Korogwe, na joto la Mombo linalokupiga usoni kama mvuke wa sufuria. Hapo Mombo unaiacha barabara ya Moshi na Arusha, unaanza kupanda kilometa 33 za kona zinazofuata mto hadi Soni, kisha Lushoto. Kila unapopanda meta 1,000 hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6. Lushoto mjini iko kwenye meta kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo abiria aliyepanda basi Dar es Salaam kwa shati la mikono mifupi hufika akitafuta sweta.

Si mimi wa kwanza kukimbilia huko. Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na gavana wao alijengewa nyumba ya kukimbilia joto la pwani. Waingereza nao kule India walikuwa na Simla yao. Mtawala wa kikoloni alijua siri hii mapema: ukitaka kutawala watu vizuri mchana, tafuta mahali pa kulala usiku.

Sasa nitawasimulia jambo ambalo wenye matangazo ya mapumziko hawalisemi. Usiku wa kwanza Lushoto sikulala kabisa.

Nilikuwa nimefikia nyumba ndogo ya wageni nje ya mji, upande wa msitu wa Magamba. Mablanketi mazito, chumba safi, kimya. Kimya chenyewe ndicho kilichonitesa. Mtu aliyezoea muziki wa baa na mlio wa jenereta, ukimwondolea vyote kwa mara moja, anaanza kusikia mapigo ya moyo wake. Halafu kama saa 7 usiku kitu kikaanza kulia msituni, sauti ya kukwaruza inayopanda na kupanda hata ikawa kama mtu anayekabwa koo. Nikaketi kitandani. Asubuhi mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ukuta. Yule ni perere, mnyama mdogo wa jamii ya pimbi, akaaye mitini, hana hata ukubwa wa mbuzi. "Anawaita wenzake," akasema. "Hana shida na wewe."

Usiku wa pili nililala saa 3. Wa tatu, saa 5. Usiku wa nne niliingia kitandani saa 3 usiku, nikaamka kumekucha, jogoo wamekwisha maliza kazi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda kama mjinga, nikiogopa kusimama nisije nikaumwaga ule usingizi.

Ni nini kilichotokea? Nilipenda kuamini kwamba ni hewa ya milima, au mafuta ya Ba, maana nilikuwa nikijipaka nyayoni kila usiku bila kukosa. Lakini nimesoma kidogo tangu niliporudi, na nataka tugawane nilichokipata.

Kwanza ni mwanga. Ndani ya kichwa cha mwanadamu mna saa, na saa hiyo hurekebishwa na jua. Watafiti 3 wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Jioni giza linapoingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Sasa sisi wa mjini mchana tunakaa ofisini gizani, usiku tunakaa chini ya taa na mbele ya simu. Saa inachanganyikiwa. Mwaka 2013 mtafiti Kenneth Wright na wenzake wa Colorado walitangaza matokeo ya jaribio dogo na zuri sana. Waliwachukua watu 8 wakakaa wiki moja milimani kwenye mahema, bila taa yoyote ya umeme, moto wa kuni tu. Watu hao walipata mwanga wa mchana mara 4 zaidi ya walivyozoea, na saa zao za mwilini zikarudi nyuma kwa kiasi cha saa 2. Waliokuwa wakichelewa kulala wakawa wanasinzia mapema kama watu wengine.

Mimi Lushoto nilikuwa nafanya hilo hilo bila kujua. Asubuhi natembea hadi Irente, pale genge linapokatika ghafla na nyika yote ya Umasaini imelala chini yako. Mchana napanda na kushuka vijia vya mashambani. Jioni umeme ukikatika, na ulikatika mara 2, hakuna wa kulalamika. Watu wanakula, wanaongea kidogo, wanalala.

Pili ni baridi. Ili usingizi uje, ni lazima joto la ndani ya mwili lishuke kidogo, na mwili hulitoa joto hilo kwa njia ya mikono na miguu. Na hapa, ndugu wasikilizaji, nawaomba mvue kofia mbele ya Ba. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, waliandika katika jarida la Nature kwamba dalili kubwa ya kuwa mtu atapata usingizi upesi ni nyayo na viganja vyenye joto. Mishipa ya miguu ikifunguka, damu ya moto hufika kwenye ngozi, na moyo wa mwili hupoa. Bibi aliyekaa kwenye ngazi Upanga akisugua nyayo zake kwa mafuta ya uvuguvugu hakuwa na maabara, lakini alikuwa anafanya kile kile. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia kwa njia hiyo hiyo.

Lakini nisije nikawapotosha. Si kila kinachouzwa kwa jina la Ayurveda ni nyayo na mafuta. Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani huko, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Risasi ni sumu, haina mjadala. Upo pia mmea uitwao ashwagandha, ambao kwa Kilatini ni Withania somnifera, na neno la pili hapo lina maana ya kuleta usingizi. Huota wenyewe hata hapa Afrika Mashariki. Majaribio madogo yameonyesha unaweza kusaidia kidogo, lakini wapo pia waliougua ini baada ya kuutumia, na Denmark iliupiga marufuku mwaka 2023. Mama mjamzito asiuguse. Hata kungumanga ya Unguja tunayotia katika pilau, ukiizidisha hadi kufikia vijiko, itakupeleka hospitali ukiwa unaona maruweruwe. Ba alikuwa anakwaruza mara 2, basi. Nchini kwetu ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002. Mtu akikuuzia unga ndani ya chupa isiyo na jina, una haki ya kumwuliza amesajiliwa wapi.

Na tukiwa huko huko kwenye uganga, mlima ule ule unaotuuzia usingizi ndio unaotuuzia chai. Kafeini ya chai unayokunywa saa 11 jioni, nusu yake bado imo mwilini saa 4 usiku. Mimi nilikuwa mtu wa vikombe 6 kwa siku.

Sasa nifike kwenye usiku wa sita, ambao ndio ulionifanya niandike mazungumzo haya.

Niliamka saa 8 usiku. Safari hii hakuwa perere, ilikuwa ni injini ya lori ikinguruma chini ya kilima. Zamani ningejilaza nikikasirika kwamba nimeamka. Nilivaa sweta nikashuka. Palikuwa na wanaume, wanawake na vijana kama 15 hivi, na tochi. Matenga ya nyanya, magunia ya kabichi, karoti, hoho. Mama mmoja alikuwa ameshusha gunia kutoka kichwani baada ya kutoka nalo bonde la pili, akitetemeka kwa baridi huku amelowa jasho. Mwenye nyumba yangu alikuwa pale, anahesabu matenga.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Kumbe hujalala?"

"Marahaba. Nimelala," akasema. "Nimelala saa 2, nimeamka saa 6. Tukimaliza hapa nitalala tena. Hizi lazima zishuke Mombo sasa hivi, vinginevyo zinafika mjini jua limechomoza, bei imeanguka."

"Kila siku?"

"Wakati wa mavuno, karibu kila siku." Akanimulika kidogo na tochi, kwa upole. "Nyinyi mnapanda huku kutafuta usingizi. Sisi usingizi wetu tunaupakia kwenye lori, unateremka."

Hakusema kwa uchungu. Aliendelea kuhesabu. Mimi nilisimama pale nikitazama matenga yale, na ndipo neno la yule kijana wa barabarani liliponirudia: nyanya za Lushoto hizi, zimeingia leo alfajiri. Niliyoyavunja kwa kusinzia yalikuwa yamekeshewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kwa siku 5 nilikuwa nimekilalia kitanda cha Lushoto nikidhani hakina kunguni.

Washambaa wana maneno mawili ambayo mwanahistoria Steven Feierman ameyaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1990, Peasant Intellectuals. Kuzifya shi ni kuiponya nchi, kuitengeneza, mvua inyeshe na watu washibe. Kubana shi ni kuiharibu. Kwa fikra hiyo, afya ya mtu mmoja mmoja haikatwi ikatengwa na afya ya nchi nzima. Mgeni anayekuja kununua usingizi wa siku 10 kisha akaondoka, sijui wangemweka upande upi.

Lakini yule mzee alinifundisha pia jambo lililonisaidia kuliko mafuta. Yeye alikuwa analala mara mbili, na hakuona ajabu. Mimi kuamka saa 8 usiku kulikuwa kunanitia hofu kama mgonjwa anayesubiri majibu. Nimekuja kusoma baadaye habari za Wahadzabe, ndugu zetu wa kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2015 watafiti walitoa taarifa ya usingizi wao pamoja na wa jamii nyingine 2 za Namibia na Bolivia. Hawa ni watu wasio na umeme. Tungedhani wanalala jua linapozama, muda wa saa 10. La! Kwa wastani jamii hizo zililala zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama, na jumla ya usingizi wao ilikuwa kati ya muda usiotimia saa 6 na muda unaozidi saa 7 kidogo. Lakini kulalamikia kukosa usingizi lilikuwa jambo la nadra kwao. Mwaka 2017 watafiti wengine wakaeleza kwamba waliwapima Wahadzabe 33 kwa siku 20, na katika siku zote hizo dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima palikuwa na mtu macho: mzee, mama anayenyonyesha, kijana anayegeuka upande. Watafiti wanaona huo ndio ulinzi wa kambi.

Kwa hiyo kuamka usiku peke yake si ugonjwa. Ugonjwa wangu ulikuwa ni kuuogopa usiku.

Nilirudi Dar es Salaam nikiwa mtu mpya. Upya ule ulidumu siku 4. Siku ya 5 nikakesha.

Nilirudi kwa daktari nikiwa nimenyong'onyea, akanieleza tiba ambayo haina kidonge. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani huko Marekani, kilipendekeza kwamba kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, tiba hii ya kubadili mazoea itangulie kabla ya dawa. Kuamka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, hata kama umelala saa 2 tu. Kutoka nje upate jua asubuhi. Kutolala mchana kwa muda mrefu. Kutoingia kitandani mpaka usingizi wenyewe ukuite, na ukikaa macho kama dakika 20, unatoka, unakaa mahali pengine penye mwanga hafifu hadi usinzie tena. Kitanda kiwe cha kulalia, si cha kulipia madeni kichwani. Ni tiba ngumu. Wiki mbili za kwanza nilichoka kuliko nilivyokuwa, na gari niliendelea kuliacha nyumbani. Ya tatu ikaanza kufanya kazi. Chai ya mwisho nakunywa saa 7 mchana. Nyayo bado napaka mafuta, na mke wangu analalamikia mashuka.

Nawaonya tu kwamba mtu anayekoroma sana, pumzi ikakatika kisha akashtuka kama anayezama, huyo asiende Lushoto, aende hospitali. Vile vile yule anayeamka alfajiri kila siku moyo ukiwa mzito na hana hamu ya kitu chochote kwa majuma. Huo waweza kuwa ugonjwa wa sonona, nao una tiba. Katika milima ile ile ya Usambara, upande wa Korogwe, iko Lutindi, ambayo ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na tangu mwaka 1904 imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili. Kwenda huko si aibu.

Lakini yapo mambo ambayo nidhamu yangu haiyawezi. Jirani na kwangu kuna baa. Muziki wake unaanza saa 2 usiku na kwisha wapendapo wenyewe. Katika chumba cha bati mwezi wa Februari, hata nyayo ziwe na joto namna gani, mwili utapeleka wapi joto lake? Tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, ambazo zinaweka kiwango cha kelele kwa mchana na kiwango cha chini zaidi kwa usiku katika maeneo ya makazi. Sheria ipo kwenye karatasi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na barua niliyosaini peke yangu. Akaniambia, kwa adabu, kwamba mtu mmoja asiyelala ni mgonjwa, watu 30 wasiolala ni malalamiko. Basi nikaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba.

Nyumba ya nane nilibisha hodi, akatoka mama wa nyanya. Sikujua kwamba anakaa mtaa mmoja nami, mlango wake ukitazamana na spika za baa ile. Akanikaribisha, mtoto akaja akanishika goti. Nikamweleza habari ya barua.

"Mimi kelele zinaisha saa 8," akasema, "na saa 9 natoka kwenda Ilala kupokea mzigo. Hiyo saa moja katikati, ndiyo yangu."

Akauchukua wino, akasaini. Alikuwa wa 23.

Wanaotaka kuongeza majina wanajua nilipo. Barua inapelekwa Jumatatu.